Siku ya Kufunga Daftari



Juma hili nina swali la msomaji mmoja, mkulima wa kahawa katika Embu. Mwanawe ameajiriwa mjini Nairobi katika duka la vyuma la Wahindi. Mwezi wa Aprili kijana alimwarifu baba yake kwamba fundi mkuu wa pale, ambaye ni Singasinga, alikuwa akisherehekea mwaka mpya. Ulipofika mwezi wa Oktoba, akaarifu tena kwamba duka limefungwa siku kadhaa, maana tajiri mwenyewe alikuwa akisherehekea mwaka mpya. Msomaji wetu anauliza: "Je, Wahindi wana miaka miwili ndani ya mwaka mmoja? Na kama ndivyo, mbona likizo zote mbili zimepita na kijana wangu hajaja kunisaidia kazi ya kahawa?"

Swali la pili ni la baba na mwana, nami silitii mkono. La kwanza nitalijibu kadiri ya ujuzi wangu, kwa sababu liko jambo ndani yake ambalo liliigusa nyumba yetu wenyewe, nami nitalisimulia hapo mbele.

Kijana amesema kweli. Tena miaka mipya hiyo si miwili tu, ni mingi. Lakini si mingi kwa fujo. Kila mmoja una sababu yake, na mtu akiijua sababu hataona ajabu.

NI NANI AITWAYE MHINDI

Kwanza yatupasa kusahihisha kosa tulilolizoea. Sisi humwita Mhindi kila mtu ambaye asili yake ni Bara Hindi, kisha tukadhani kwamba wote ni wa dini moja na desturi moja. Sivyo. Miongoni mwao wamo Waislamu, kama vile Maismailia na Mabohora. Wamo Masingasinga, wamo Wajaini, wamo Wakristo wa Goa, ambao wengi wao walikuwa makarani katika ofisi za serikali ya kikoloni. Na wamo wafuasi wa dini ya Kihindu, ambao watu wa pwani tangu zamani waliwaita Mabaniani. Hawa wa mwisho nitawaita Wahindu, ili tusichanganye dini na taifa.

Njia walizofikia huku nazo zilikuwa mbalimbali. Reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu ilijengwa kati ya mwaka 1896 na 1901, na vibarua na mafundi zaidi ya 30,000 waliletwa kwa mkataba, wengi wao kutoka Punjab. Wengi walirudi kwao mikataba ilipokwisha. Wenye maduka ni habari nyingine. Wengi wao walitoka Gujarat na Kutch, nao walikuja kwa nauli zao wenyewe, wakaifuata reli, kisha wakazifuata barabara mpaka kwenye makao ya wilaya. Embu ilipofanywa kituo cha serikali mwaka 1906, na Meru mwaka 1908, haukupita muda mrefu kabla ya kuonekana mabati ya duka karibu na boma.

Leo Wahindu si wengi. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 walikuwa wapatao 60,000 katika Kenya yote. Hata hivyo sheria ya sikukuu ya nchi yetu huitaja Diwali kuwa siku ya mapumziko kwa wafuasi wa dini hiyo, na mwezi wa Julai mwaka 2017 serikali iliwatangaza Wakenya wa asili ya Kiasia kuwa kabila la 44 la Kenya. Basi tunapouliza habari za mwaka wao, tunauliza habari za wananchi wenzetu.

MWEZI NA JUA

Sasa tuitazame kalenda. Mwezi wa angani huandama kila baada ya siku ishirini na tisa na nusu hivi, na miezi kumi na miwili ya namna hiyo ni siku 354. Kwa hiyo mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kumi na moja. Waislamu wanaufuata mwezi peke yake, na kwa sababu hiyo Ramadhani huzunguka majira yote, leo kiangazi, baada ya miaka kadhaa masika.

Wahindu wengi huufuata mwezi pia, lakini hawataki sikukuu zao ziachane na mvua na mavuno. Kwa hiyo kila baada ya miezi thelathini na miwili au thelathini na mitatu hivi, huongeza mwezi mmoja mzima, na hesabu ikarudi mahali pake. Ndiyo sababu Diwali huja siku tofauti kila mwaka, ila daima katikati ya Oktoba na katikati ya Novemba, wala haipotei mpaka Februari. Wako Wahindu wengine ambao huufuata mwendo wa jua, na mwaka wao huanguka tarehe 13, 14 au 15 Aprili karibu kila mara.

Hesabu ya miaka nayo si moja. Wagujarati wanatumia hesabu ya mfalme Vikrama, ambayo imeitangulia yetu kwa miaka 57. Mwaka wao uliofunguliwa Oktoba 2025 ulikuwa wa 2082. Wako wengine wanaotumia hesabu iitwayo Shaka, iliyo nyuma ya yetu kwa miaka 78, na serikali ya India iliichagua hii kuwa msingi wa kalenda ya taifa mwaka 1957. Hata hivyo afisi zao na benki zao, kama zetu, huandika tarehe za Kizungu.

MIAKA YA MACHI NA APRILI

Tuanze na wale ambao mwaka wao hufunguka pamoja na mvua zetu za masika.

Watu wa Maharashtra huita siku hiyo Gudi Padwa. Husimamisha mti mrefu mlangoni au dirishani, wakaufunga kitambaa kizuri, na juu yake wakafudikiza chungu cha shaba au cha fedha. Majirani zao wa kusini, watu wa Karnataka, Andhra na Telangana, huita siku hiyo hiyo Ugadi. Hao asubuhi huonja mchanganyiko wa ladha sita: maua ya mwarobaini yaliyo machungu, sukari nguru, ukwaju, embe bichi, chumvi na pilipili. Kila mtu wa nyumba huonja, mkubwa kwa mtoto. Maana yake haihitaji mwalimu: mwaka unaokuja utakuwa na uchungu na utamu ndani ya bakuli moja, na mwenye busara huyapokea yote mawili tangu asubuhi ya kwanza. Sisi tunaochemsha mwarobaini kwa ajili ya homa tungelielewa fundisho hilo upesi.

Katika Kerala mama wa nyumba hupanga usiku mchele, matunda, maua ya manjano, dhahabu kidogo na kioo mbele ya sanamu ya mungu wao Krishna. Alfajiri watoto huongozwa huku wamefumbwa macho, ili kitu cha kwanza wakionacho katika mwaka kiwe kizuri. Kisha wazee huwapa vijana fedha. Watamili nao wana siku yao wakati uo huo wa Aprili.

Katika Punjab siku hiyo ni Vaisakhi, wakati wa mavuno ya ngano. Kwa Masingasinga ina uzito zaidi, kwa kuwa ndiyo siku ambayo kiongozi wao Guru Gobind Singh aliweka jamaa ya Khalsa mwaka 1699. Basi yule fundi mkuu wa Nairobi hakusema uongo.

Katika Bengal, Wahindu na Waislamu husherehekea mwaka mmoja pamoja katikati ya Aprili. Husemwa kwamba hesabu yao ilitengenezwa zamani za mfalme Akbar, ili kodi ya mashamba itozwe baada ya mavuno, si kabla mkulima hajapata kitu. Siku hiyo wenye maduka hufungua daftari jipya lenye jalada jekundu, huwaalika wateja wao, huwapa vitu vitamu, na wateja hulipa madeni ya mwaka uliokwisha.

Na ili msidhani mwaka mpya wa Kihindu lazima uwe na kelele, watazameni watu wa kisiwa cha Bali katika Indonesia. Wao huufungua mwaka kwa kimya. Kwa muda wa siku moja hawawashi moto wala taa, hawafanyi kazi, hawatoki nyumbani, na hata uwanja wa ndege hufungwa.

MWAKA WA WENYE MADUKA

Sasa tuje kwa tajiri wa yule kijana, Mgujarati. Kwake mwaka hufungwa siku ya Diwali na kufunguliwa siku inayofuata, au mara nyingine baada ya kupita siku moja katikati.

Neno Diwali maana yake ni safu ya taa. Ni usiku usio na mwezi kabisa, na kila nyumba huwasha taa ndogo za udongo zenye utambi na mafuta. Wahindu wa kaskazini husema taa hizo zawakumbusha kurudi kwa Rama katika mji wake wa Ayodhya. Wajaini huadhimisha kufariki na kuokoka kwa mwalimu wao Mahavira, na hesabu yao ya miaka huanzia hapo, mwaka 527 kabla ya Kristo. Masingasinga huwasha taa wakikumbuka kufunguliwa kwa Guru Hargobind kutoka kifungoni. Usiku mmoja na taa zile zile, lakini kila jamaa na habari yake.

Siku zinazotangulia, nyumba na duka husafishwa mpaka pembeni. Vitu vilivyovunjika hutupwa. Mbele ya mlango wanawake huchora maua kwa unga wa rangi. Ladu, jalebi na barfi hutengenezwa, na sahani hupelekwa kwa majirani. Watoto hulipua fataki.

Lakini kwa mfanyabiashara shughuli kubwa ni ile ya madaftari. Kabla ya Diwali hesabu zote za mwaka hufungwa, wadeni wakaitwa, na madeni yakalipwa au yakapatanishwa. Jioni yake madaftari mapya huwekwa mbele ya sanamu za Ganesh, aondoaye vikwazo, na Lakshmi, mwenye neema ya mali, na pengine Saraswati, mwenye elimu. Katika ukurasa wa kwanza huandikwa maneno mawili: shubh, yaani heri, na labh, yaani faida. Angalieni kwamba heri imetangulia faida. Huchorwa pia alama ya msalaba wenye mikono iliyopindwa, ambayo kwao ni alama ya heri tangu kale, muda mrefu kabla chama cha Hitler hakijaichukua na kuichafua. Siku hizi, kwa kuwa hesabu zimehamia katika tarakilishi, mtu huiweka tarakilishi yake mahali pa daftari, na ibada ikafanywa vile vile.

Asubuhi ya mwaka mpya huamka mapema, wakavaa nguo mpya na kwenda hekaluni. Hekalu lao la Swaminarayan lililofunguliwa Nairobi mwaka 1999 hupata watu wengi siku hiyo, na mbele ya sanamu hupangwa vyakula vya kila aina, ngazi juu ya ngazi kama mlima. Vijana huinama na kuwagusa wazee miguu, nao wakabarikiwa na kupewa fedha. Wako wanaonunua chumvi kidogo alfajiri, maana hakuna chakula chenye ladha pasipo chumvi. Husalimiana kwa kusema "Sal Mubarak", yaani mwaka wa baraka, na nadhani hata mzee wa kwetu asiyejua Kigujarati husikia neno la pili. Maduka mengi hufunguliwa rasmi siku ya tano ya mwaka.

Kwa nini wakachagua Oktoba au Novemba? Katika Gujarat mvua kubwa hunyesha kuanzia Juni hadi Septemba. Baada yake karanga, pamba na mawele huvunwa, na mkulima hupata fedha ya kulipa deni. Wakati uo huo bahari hutulia, na upepo wa kaskazi hukaribia, ule uliokuwa ukizileta jahazi zao mpaka Mombasa na Unguja. Mtu atakayepeleka mali ng'ambo ya bahari na kurudi baada ya miezi mingi hana budi kujua kabla ya kutweka tanga ni nani anamdai na yeye anadaiwa na nani. Basi mwaka wa Mgujarati ulifungwa mahali ambapo kazi yake iligeuka. Si ajabu kwamba Kiswahili chetu kimerithi kutoka upande ule maneno ya hesabu kama hundi, bima na laki.

DAFTARI LA BABU

Sasa nisimulie lile nililoahidi.

Babu yangu alikuwa mkulima wa Imenti. Katika miaka ya mwisho ya ukoloni alikuwa na miti michache ya kahawa, na kila mwaka alichukua vitu kwa deni katika duka moja la Mhindi mjini Meru: jembe, blanketi, sukari, mafuta ya taa. Alilipa alipopata fedha, na majuma machache kabla ya Diwali mwenye duka alituma habari kwamba kila mwenye deni aje, kwa kuwa daftari linafungwa.

Babu hakujua kusoma, lakini hakuwa mjinga wa hesabu. Alikuwa na kibuyu, na kwa kila shilingi aliyokopa alitia ndani haragwe moja. Mwaka mmoja alikwenda mjini na maharagwe thelathini na moja. Mwenye duka akafungua daftari lake refu, lililoandikwa kwa Kigujarati, akasema, "Mzee, ni shilingi arobaini na saba." Babu akamwaga maharagwe mezani. Mhindi akaonyesha mstari kwa kidole. Babu akatazama mstari ule asione kitu ila vidudu vinavyotambaa. Maneno yakawa makali, na watu wakakusanyika. Mwishowe babu aliuza mbuzi, akalipa zote arobaini na saba, na hakukanyaga tena katika duka lile.

Neno hilo likawa sehemu ya urithi wetu. "Mhindi yule alinila shilingi kumi na sita," alisema kila mara tulipopeleka fedha dukani, na alipomtia baba yangu shule alimwambia ajifunze, ili mtu asije akaandika jina lake mahali asipoweza kulisoma. Kwa hasira ile baba alisoma, na mimi nikasoma, na leo naandika barua za serikali. Mwenye duka naye aliondoka. Ilipotoka sheria ya leseni za biashara ya mwaka 1967, Waasia wengi wasio raia walizuiwa kufanya biashara katika miji midogo, na yeye ni mmoja wa waliouza na kwenda zao.

Nilipokuwa darasa la sita, jioni moja babu aliirudia hadithi ile mbele yetu wajukuu. Nyanya alikuwa akimenya viazi. Akasema polepole, bila kuinua macho, "Mwaka ule ulikwenda Timau miezi miwili kufanya kazi katika shamba la ngano. Mtoto akaugua. Nilimtuma ndugu yako dukani mara tatu, alete sukari na mafuta na blanketi. Sikutia haragwe, kwa kuwa kibuyu kilikuwa chako, nami niliogopa utakasirika."

Babu alinyamaza kwa muda mrefu. Sisi tulingoja agombe. Hakugomba. Alisema tu, "Basi mwaka ule haujafungwa." Kisha akaenda kulala.

Aliishi miaka mingine minne. Hakuna kati yetu aliyejua Mhindi yule alikwenda Uingereza au India au alikuwa amekwisha kufa. Shilingi hazikuwa deni tena, kwa kuwa zililipwa zote. Lililobaki ni jina la mtu tulilolichafua kwa miaka arobaini, na mwenye jina hayupo tumwombe radhi.

Waswahili husema, "Baniani mbaya, kiatu chake dawa." Katika nyumba yetu tulitumia kiatu na tukaendelea kusema ni mbaya, hata tulipokuwa hatujui.

Sisemi kwamba mwenye duka hakuwa na kosa. Alikuwa na daftari linalosomwa na upande mmoja tu, na mimi karani nasema daftari la namna hiyo si ushahidi, ni amri. Angalimsomea babu kila kitu na siku yake, kwa Kiswahili, labda lile blanketi lingemkumbusha jambo. Wala sisemi kwamba kila mwenye duka alikuwa mwaminifu. Walikuwapo waliopunja mizani, na walikuwapo weusi na weupe na wa rangi nyingine waliofanya hivyo hivyo. Nasema tu kwamba kosa la nyumba yetu lilikuwa ndani ya nyumba yetu, katika kibuyu kilichoogopwa na mke wa mwenye kibuyu.

MIAKA YETU SISI

Msomaji wetu alishangaa kwamba Wahindi wana miaka miwili. Je, sisi tuna mingapi? Tunakula kuku tarehe 1 Januari. Sisi makarani wa serikali tunafunga hesabu tarehe 30 Juni na kufungua mwaka mwingine tarehe 1 Julai, na asiyeamini kwamba huo ni mwaka mpya aje atuone usiku wa mwisho wa Juni. Mkulima wa Meru na Embu ana misimu miwili, mvua za Machi na mvua za Oktoba, na katika kila msimu huanza upya. Mwenye majani ya chai husubiri bonasi, ambayo kwa kawaida hulipwa mwezi wa Oktoba. Na wazee wetu wa Meru hawakuhesabu kwa namba hata kidogo. Walihesabu kwa marika, Miriti, Gichunge, Kiramunya, na mtu alijua umri wake kwa kuwajua aliotahiriwa nao.

Ndugu wasomaji, si nia yangu kumfundisha mtu ibada ya wenzetu. Kila mmoja ana dini yake. Lakini desturi ya kufunga daftari haina dini, nasi twaweza kuiazima bila kuwasha hata taa moja ya Diwali.

Leo deni haliko tena katika daftari refu la Mhindi. Liko kwa mwenye duka wa kabila letu, liko katika chama cha akiba na mikopo, liko katika simu, ambamo mtu hukopa usiku akiwa kitandani na mwenziwe aliye ubavuni hana habari. Maharagwe ya nyanya bado hayatiwi kibuyuni. Bonasi inapolipwa, wenye kudai hufika kabla ya mwenye fedha kufika nyumbani, na ugomvi huanza: ni nani aliyekopa, lini, kwa ajili gani? Mara nyingine jirani huitwa mwizi kwa jambo lililofanywa na mtu wa nyumba hiyo hiyo.

Basi nashauri hivi. Kila nyumba ichague siku moja katika mwaka, ile ambayo kazi yake inageuka. Mwenye chai na achague siku ya bonasi. Mwenye kahawa na achague siku ya malipo ya chama cha ushirika. Mwenye mshahara na achague mwisho wa Desemba. Siku hiyo mume na mke na watoto wakubwa wakae pamoja, na daftari la shilingi chache liwe mezani, limeandikwa kwa lugha ambayo kila mmoja anaisoma. Kila mtu aseme alichokopa na alichokopesha, na asigombezwe kwa kusema, maana anayegombezwa leo ataficha kesho. Kinacholipika kilipwe. Kisicholipika kiandikwe siku ya kulipwa, na mwenye kudai aarifiwe. Na kama kuna mtu aliyesemwa vibaya katika mwaka ule, aendewe angali yupo.

Kwa msomaji wetu wa Embu nasema: mwambie kijana wako kwamba tajiri wake hufunga hesabu kila mwaka bila kukosa, nawe pia unataka kufunga yako. Likizo ijayo na aje, alete na daftari. Huenda akachuma kahawa pia.

Hadi juma lijalo, nawatakia mvua ya kutosha na hesabu iliyo sawa.